Mgeni Aliyekaribishwa Wiki Nzima

Dada yangu Keita ana mdomo. Miaka yote aliwasimamia watu kwenye ghala la kufungashia matunda ya kiwi, na tangu alipostaafu hana wa kuwasimamia ila sisi ndugu zake. Mama alipohamia nyumba ya wazee hapa Opotiki, Keita alijipa kazi ya ubawabu bila kuombwa na mtu. Jumapili, ukoo ukijaa pale nje na vyungu vya chakula, unamkuta kasimama kwenye bomba la uani, mikono kiunoni, na kipande cha sabuni kikining'inia ndani ya soksi kuukuu aliyoifunga bombani.

"Osha. Siyo kulowesha, osha. Na katikati ya vidole, au huko hukuzaliwa nako?"

"Shangazi, nimekuja kumsalimia bibi, sijaja kumpasua."

"Na hayo makamasi?"

"Baridi tu hii."

"Baridi haina rangi ya kijani. Rudi kwenye gari, utampungia bibi kutoka dirishani. Mwingine!"

Nesi mkuu, Sela, ni mwanamke wa Kitonga kutoka visiwani, mkubwa wa mwili na mpole wa ulimi. Mwanzoni alikuwa akizunguka nyuma ya Keita kuwaomba watu radhi. Baadaye akaacha. Aliniambia kwamba hajawahi kumsikia Keita akimwambia mtu jambo ambalo yeye Sela hakutamani kulisema.

Si kwamba Keita anapenda ugomvi tu, ingawa anaupenda. Sisi Wamaori hatumpiti mzee bila kumsalimu, na salamu yetu si ya mkono. Ni pua kwa pua, paji kwa paji, mkavuta pumzi moja. Kwa hiyo mtu akija kumwona mama yake pale, kwanza alikuwa anapita ukumbini kwenye viti vya wazee na kuwasalimu wote, mmoja baada ya mwingine, kama tufanyavyo kwenye marae, uwanja wetu wa ukoo. Binamu yetu Tiaki alilelewa kwa adabu hiyo. Majira fulani ya baridi alikuja na mafua yake na adabu yake, akausalimu ukumbi mzima, hakumruka hata mmoja. Mwezi ule tulizika wazee wanne. Hakuna aliyemwambia Tiaki neno, wala hakukuwa na haja. Mpaka leo akienda dukani anapita barabara ya nyuma.

Baada ya mazishi yale Keita aliingia ukumbini, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo salamu ya majira ya baridi ni nyusi. Kuinua nyusi tunainua hata hivyo tukikutana njiani, kwa hiyo halikuwa jambo geni. Mzee Te Hau, ambaye zamani alikuwa msemaji wa ukoo na bado anaamini ukoo mzima umekaa unamngoja aseme, alimuuliza kama vipofu nao watainuliwa nyusi wazione kwa kisogo.

"Kipofu atashikwa bega na kutajiwa jina," Keita alisema.

"Na mama yako?"

Keita alijifanya hakusikia.

Mama yetu, Materoa, alikuwa kipofu. Nuru ilimtoka kidogo kidogo uzeeni, na kadiri ilivyomtoka ndivyo alivyowajua watu kwa pumzi zao. Ungemtajia jina lako mara kumi, angeitikia ndiyo, ndiyo, kwa heshima tu. Ukimwegemezea paji, pua ikagusa pua, ndipo anakwambia, "Riripeti, umekula vitunguu." Sisi watoto tuliokuwa karibu Keita alituruhusu, mradi tuwe wazima na tuwe tumechomwa chanjo ya mafua, ambayo mimi nilikokotwa kwenda kuchomwa kama mbuzi. Lakini kulikuwa na mtoto mmoja ambaye Mama hakuwa ameivuta pumzi yake kwa miaka, na huyo ndiye aliyekuwa akimuulizia kila asubuhi.

Paora ndiye kitinda mimba wetu. Alikwenda Australia Magharibi kuchimba chuma, akaishia kukaa huko. Baba alipofariki ilikuwa ile miaka ya korona, mipaka imefungwa, na Paora akamzika baba yake kwa simu, amekaa peke yake kwenye kitanda cha kambi ya mgodi. Simu ilikatika kabla jeneza halijafunikwa. Mipaka ilifunguliwa, yeye hakuja. Kila tukimpigia ni mwakani, mwakani. Sasa moyo wa Mama ulikuwa umechoka kabisa, na daktari alituambia hadhani kama ataiona miti ikichipua. Keita akampigia Paora. "Mwakani haupo," akamwambia, akakata simu. Paora akakata tiketi.

Nilikwenda kumpokea mimi, uwanja wa ndege wa Whakatane. Asubuhi ile majani yote yalikuwa meupe kwa umande ulioganda. Tulikumbatiana, tukalia, tukapandisha vioo vya gari na kuwasha joto, na tukaanza kucheka mambo ya utotoni. Tulikuwa tumekaribia daraja la Waiotahe alipokohoa. Alikohoa ndani ya mkono wa koti na kugeukia dirishani kama vile aliyekohoa ni mtu mwingine.

"Hicho nini?"

"Vumbi la ndege."

"Siku hizi ndege zina vumbi?"

"Riri, endesha gari."

Nilishusha vioo vyote vinne. Baridi ikatuvaa. "Tangu lini?"

"Jana. Nimemeza vidonge, homa imeshuka. Dada, hebu nisikilize. Pumzi moja tu. Naingia, namsalimu, natoka. Sitamgusa mzee mwingine yeyote. Mama tu."

"Na Mama ndiye kijana, siyo?"

"Baba walinifungia mlango. Na huyu mnataka kunifungia?"

Hapo alinikamata, kwa sababu alikuwa na haki ya kusema hivyo. Hata hivyo nilimwambia kwamba kule kuna Keita, kwamba Keita atamuuliza, na kwamba yeye asiposema nitasema mimi, tena kwa sauti ambayo hata Te Hau ataisikia bila kifaa chake cha sikioni. Alinitukana. Nami nikamtukana. Tulifika tukiwa tumenuniana.

Keita alikuja mbio. Dada yangu hakimbii, hata kwenye mvua. Alivuka uwanja wa majani uliopo kati ya geti na vyumba vya wazee, kisha akajizuia ghafla hatua chache mbele ya Paora, mikono imeshaanza kunyooka kumpokea. Chumba cha Mama kilikuwa upande ule ule, na mlango wake wa kioo ulifungukia kibarazani. Siku hiyo Sela alikuwa ameuacha wazi kidogo. Mama alikuwa amekaa pale kitini, blanketi magotini, kichwa ameinamisha upande wa sauti za gari.

"Ni yeye?" akaita. "Keita, ni yeye huyo?"

Paora aliposikia sauti ile bila simu katikati, aligeuza kichwa akaifuata kwa macho. Keita naye machozi yalikuwa yakimchuruzika mpaka kidevuni, lakini alimuuliza maswali yale yale anayomuuliza kila mtu. "Una kikohozi? Una homa? Koo linakuuma?"

Kusema hapana lilikuwa jambo rahisi sana. Vidonge vilikuwa vinafanya kazi, uso wake ulikuwa mkavu, na mama yake alikuwa anamwita umbali wa kutupa jiwe. Nilifungua kinywa changu, lakini sikuhitajika.

"Nakohoa, Keita," Paora alisema. "Tangu jana. Na homa ninayo." Akarudi nyuma mwenyewe mpaka mgongo ukagusa geti.

Nimewahi kumwona mdogo wangu akishinda mashindano ya ndondi ya wilaya. Siku ile getini ndipo nilipojua kwamba ana nguvu.

Sela alivaa barakoa na glavu, akaja na kijiti, akampima puani palepale. Yalikuwa mafua makali, yale yale yaliyokuwa yakiwalaza watu wilaya nzima majira yale. Nami niliyekaa naye ndani ya gari lililofungwa vioo nikaambiwa nimo humo humo, nisiingie. Nilianza kubisha. Keita alinitazama tu, nikarudi nyuma.

"Siku tano, pengine zaidi," Sela alisema. "Mpaka homa iondoke bila vidonge na kifua kitulie." Alimtazama Keita, kisha akashusha sauti. "Lakini kwa hali ya Mama, siwezi kumwambia mtu angoje tu. Sheria zetu zinaruhusu. Nitakuvisha gauni, glavu na barakoa, mlango wazi, dakika chache. Utakaa mbali kidogo. Pua kwa pua, hapana."

Paora alitikisa kichwa. "Nikifika karibu yake kiasi hicho nitaivua hiyo barakoa. Najijua."

"Nitakuwepo kukuzuia."

"Na yeye utamzuia? Haoni. Ukimwambia ni mimi, atanyoosha mkono aitafute pua yangu. Atakuta kitambaa. Ataivua yeye, Sela."

Hakuna aliyembishia, maana ndivyo ingekuwa. Mtu aliyefunikwa uso na asiyetoa pumzi alikuwa si mtu kwa Mama. Keita alikwenda bombani akaanza kunawa mikono ambayo haikuwa imegusa kitu, akanawa muda mrefu sana, mpaka nikadhani ameshindwa na hataki tumwone. Kisha akafunga maji.

"Paora, wewe hujafika," alisema.

"Si mimi huyu nimesimama hapa?"

"Hujafika. Mgeni hafiki mpaka akaribishwe. Umetoka ng'ambo, hujaonekana miaka, umekuja na msiba wa baba yako mabegani na hujaulilia. Ni ndugu gani huyo? Huyo ni mgeni. Kaa hapo getini, tukukaribishe kama mgeni."

Niliona anapoelekea. Kwetu mgeni haingii akamvamia mwenyeji kwa salamu. Husimama langoni. Mwanamke wa wenyeji humwita kwa sauti ya kuimba, na mwanamke wa upande wa mgeni huitikia, huku wafu wa pande zote wakitajwa. Mgeni husogea kidogo, husimama tena, mbali. Hotuba hupita juu ya majani, nyimbo hufuata. Salamu ya pua huja mwisho kabisa, na baada yake chakula. Kabla ya hapo mgeni hachanganyiki na wenyeji wala hali sahani moja nao, hata awe nani.

"Na ni nani aliyesema katikati pachukue muda gani?" Keita aliuliza. "Leo tunafungua. Tutafunga kifua kikipona."

Nimemwonea dada yangu wivu kwa mengi, kwa nywele zake, kwa mume wake, kwa namna Mama alivyomsikiliza yeye kwanza. Siku ile sikuwa na wivu hata chembe. Nilijivunia kwamba tulinyonya titi moja.

Akaenda kupiga magoti kando ya kiti cha Mama, akamnong'oneza. Mama, ambaye wiki mbili hizo alikuwa anaongea kama mtu anayeokoa pumzi, alisukuma blanketi.

"Nisimamisheni," alisema.

Maisha yake yote Mama alikuwa mwitaji wa ukoo wetu. Wageni wa nchi nzima waliingia uwanjani kwetu kwa sauti yake. Tangu apofuke alikuwa ameacha, akisema hawezi kumwita asiyemwona. Sela akamshika kwapa hili, Keita kwapa lile, wakamtoa kibarazani. Alisimama akitetemeka, akainua kidevu, na sauti ikatoka.

Njoo, wewe uliyetoka upande jua linapotua. Njoo na baba yako, mlete, tumlilie pamoja. Njoo, mwanangu, njoo.

Haikuwa sauti ya zamani. Ilikuwa nyembamba, ilipasuka katikati, lakini ilivuka majani yote mpaka getini na kutukuta. Paora alijikunyata na kulia kwa sauti kama mtoto, na kila alipolia alikohoa, na kila alipokohoa aligeukia barabarani.

Ikabidi ajibiwe, na mwanamke wa upande wake alikuwa mimi. Sauti yangu ni ya chura, kila mtu anajua; kanisani huwa naombwa kugawa vitabu. Lakini nilikuwa nimefungiwa nje pamoja naye, hapakuwa na mwingine. Niliitikia. Nilimtaja Baba, nikawataja bibi na babu, nikamwambia Mama kwamba mwanawe amekuja na ataungoja uwanja. Nilipomaliza nilimsikia Te Hau dirishani akisema, "Mungu wangu, huyo naye nani alimfundisha?" Kisha akadai fimbo yake na blanketi mbili, maana wageni hawawezi kuitwa halafu wasihutubiwe.

Ndivyo tulivyoanza. Mume wa Keita alileta gari lao la kulala, akaliegesha nje ya ua, na Paora akalala humo. Mimi nilirudi kwangu kulala peke yangu, na mchana nilikuja kusimama getini kwa mbali naye. Kila alasiri jua likipiga kibaraza, wazee walitolewa kwa viti vyao, wamefunikwa mpaka masikioni, na ukaribisho ukaendelea pale ulipoishia jana yake. Te Hau aliwapitia mababu mmoja mmoja, na akisahau jina alimlaumu Paora kwa kukohoa. Paora naye alikuwa amesahau namna ya kusema uwanjani. Siku ya kwanza alisema sentensi mbili na kuishiwa.

"Huko Australia mnaongea na mawe?" Te Hau alimpigia kelele.

"Mawe hayakatizi mtu, mzee."

"Haya, angalau ulimi haujaoza. Endelea!"

Siku iliyofuata alisema zaidi. Alimsema Baba. Aliisema ile simu na jinsi ilivyokatika, jambo ambalo hakuwa amemwambia yeyote kati yetu. Mama alisikiliza yote kutoka kitini kwake, midomo ikichezacheza.

Na hiki ndicho kilichonishangaza kuliko vyote. Huu ukoo wetu nilikuwa naujua. Ungewaambia kwamba nesi amekataza, wangeitikia ndiyo nesi, halafu shangazi mmoja angemchukua Paora kwa mlango wa nyuma akamlishe, na mwingine angekwenda kumbusu kisirisiri, na kufikia Ijumaa nusu ya mji ingekuwa kitandani. Lakini mgeni aliye katikati ya kukaribishwa haguswi. Hakuna aliyevuka majani. Walileta mifupa ya nguruwe iliyochemshwa na majani ya mtoni, mkate wa kukaanga, kome, wakaweka juu ya nguzo ya ua na kurudi nyuma ndipo Paora akachukue. Sahani zake aliziosha mwenyewe kwa maji ya moto. Watoto walimwinulia nyusi kwa mbali. Sela alisema amesoma miaka mingi namna ya kuwaweka wagonjwa kando bila kuwaumiza, na hakuwa amefundishwa hilo.

"Usinisifu," Keita alimjibu. "Nenda ukafungue madirisha ya ukumbi, hewa imelala humo."

Kisha ikaja siku ambayo Mama hakutolewa nje. Ilikuwa asubuhi, mvua imekatika muda si mrefu. Kitanda chake kilikuwa kimesogezwa hadi kwenye mlango wa kioo, na Sela alikuwa ameinama juu yake. Tuliona Keita anatoka. Alivuka uwanja moja kwa moja, bila barakoa, viatu vya ndani vikizama kwenye majani yaliyolowa, akaja mpaka getini akaondoa komeo.

"Ingia," alisema.

Paora alikuwa bado anakohoa. Usiku uliopita homa ilikuwa imemrudia.

"Dada, rudi nyuma. Umesogea mno."

"Nimesema ingia! Anakwenda, Paora. Sela anasema huenda ni leo. Sheria niliiweka mimi, na mimi naivunja. Nitakaa na lawama zangu."

Sijawahi kumwona Keita vile. Mkono wake ulikuwa umeganda kwenye geti. Laiti Paora angepiga hatua moja, nisingemzuia, na nasema kweli. Mama alikuwa wangu pia.

Paora aliondoka getini. Alirudi nyuma mpaka kwenye gari la kulala, ili asiwe karibu na dada yetu.

"Baba nilimkosa kwa sababu nilifungiwa," alisema. "Mama sitamuua kwa sababu nimefunguliwa. Chumba cha pili yuko Te Hau. Na wewe ukiondoka hapa unakwenda kumshika mkono nani? Funga geti, Keita. Tafadhali. Funga kabla sijabadili mawazo."

Keita hakuweza. Nilifunga mimi. Ndipo tuliposikia, kutoka kwenye kile kitanda, sauti ndogo kama ya mtu anayeita kuku wake wa mwisho jioni. Mama alikuwa anaita. Maneno hayakusikika vizuri, ila wito ule unajulikana hata bila maneno. Niliitikia, na sauti yangu ilikatika katikati, na Paora, ambaye ni mwanamume na hiyo si kazi yake, aliimalizia.

Baadaye Sela alituambia Mama alisema nini alipomaliza kuita. Alikuwa amemuuliza Mama kama anataka padri. Mama akasema, "Wa nini? Mnadhani mimi nitakufa na mgeni kasimama uwanjani?"

Na hakufa. Alikataa siku ile, akakataa iliyofuata. Alikuwa hali kitu, anakunywa maji kwa kijiko, na kila alasiri alifungua kinywa akatoa wito ambao siku ya mwisho ulikuwa pumzi tu. Keita alisimama juu yake na kuupaza, neno kwa neno, ili utufikie.

Asubuhi Paora alipoamka mkavu, bila homa wala kikohozi, hakuthubutu kutuambia. Alisubiri siku nzima na usiku wake, bila kidonge hata kimoja. Kisha akamwita Sela. Sela alimpima joto, akamsikiliza kifua, akampima tena pua, akakitazama kile kipimo mpaka nikataka kumnyang'anya. Mimi pia alinipima. Sikuwa nimeugua hata siku moja, na Keita hajaacha kunikumbusha nani alinikokota kwenda kuchomwa chanjo.

"Haya," Sela alisema. "Waambie wenyeji mgeni wao aingie."

Tuliuvuka uwanja taratibu kama inavyotakiwa, mimi mbele kidogo, Paora nyuma yangu. Wazee wote walikuwa kibarazani, hata Te Hau na fimbo yake. Kwenye bomba Keita alikuwa amesimama na sabuni yake.

"Na katikati ya vidole," alisema, akamfungulia maji.

Paora alinawa mpaka viwiko. Akaingia kwa mlango wa kioo uliokuwa wazi wote, akapiga magoti, akamwinamia Mama. Paji likagusa paji. Pua ikagusa pua. Mkono wa Mama ulipanda polepole ukamshika kisogo, usimwachie. Walivuta ile pumzi moja, wakavuta nyingine, wakaendelea, na sisi tuliosimama pale hatukujua tutazame wapi.

"Paora," Mama alisema mwishowe. "Unanuka sabuni ya dada yako."

Kisha akasema, kwa sauti tuliyoisikia sote, "Mgeni amefika. Mpeni chakula."

Alikula palepale kando ya kitanda, uji wa asubuhi, kwa sababu ndicho kilichokuwepo. Alipotaka kumlisha Mama kwa kijiko chake, Keita alimpiga kofi mkononi. "Chukua kingine! Unadhani tumemaliza?" Mama alicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika.

Siku tatu alikuwa naye hivyo, pua yake ikiwa karibu muda wote aliotaka. Siku ya nne, adhuhuri, Mama alilala na hakuamka.

Daktari alikuja kuthibitisha. Alikuwa kijana mpole, akatupa pole, akasema moyo ulisimama wenyewe usingizini na hakuumia. Paora alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, na hakuinua uso. Nilijua anawaza nini. Nadhani kila mtu chumbani alijua, lakini ni Keita peke yake aliyefanya jambo.

"Kifua chake je?" alimuuliza daktari.

"Kifua?"

"Mapafu. Ulimsikiliza jana. Yalikuwaje?"

"Yalikuwa safi. Hakuwa na maambukizi yoyote. Ni moyo tu, mama."

"Usiniambie mimi," Keita alisema. Alimshika daktari kiwiko, akamgeuza mpaka akaelekea ukutani. "Inama. Mwambie yule pale. Mtazame machoni, umtajie kwamba yalikuwa safi."

Daktari aliinama, akamwambia. Keita akamtaka arudie, naye akarudia.